Acheni kupiga msasa hizo Mauser

Wiki hii nimeletewa tena bunduki iliyopigwa msasa, ya tatu tangu mwaka uanze, na mwenyewe kaja anatabasamu kabisa, anasubiri nimpongeze. Kazi yangu ni kutunza silaha za zamani hapa Marekani, na wateja wengi wana Karabiner 98k, ile Mauser ya jeshi la Ujerumani wakati wa vita vya pili. Nyingi zililetwa na wanajeshi wa Kimarekani waliporudi nyumbani 1945, sasa wajukuu ndo wanarithi. Kuna Wabongo wenzangu nao wameanza kuzikusanya na kosa ni lile lile, ndo maana naandika.

DHANA: Ukiisafisha ikang'aa, bei inapanda.

UKWELI: Inaporomoka, na hairudi tena. Sikilizeni, 98k zilitengenezwa kuanzia 1935 hadi 1945, zaidi ya milioni 14, kwa hiyo bunduki yenyewe sio adimu, adimu ni ile iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani na namba zote zinalingana. Juu ya risiva, yaani mwili wa chuma ambamo bolti inateleza, kuna herufi za siri za kiwanda na mwaka, byf 43 ni Mauser ya Oberndorf mwaka 1943, bnz ni Steyr kule Austria. Namba kamili ya bunduki iko kwenye risiva na bolti, halafu vipande vidogo kama sefti (kile kizuizi cha kufyatua) vinabeba tarakimu mbili za mwisho, na pembeni yake vimihuri vya tai na namba ya ukaguzi, mfano WaA135 kwa hizo za Oberndorf. Vimihuri vingine ni vidogo kuliko punje ya mchele! Msasa unaanza kula hivyo kabla ya kitu kingine chochote.

Hii ya wiki hii ni byf 43. Nikafungua bendi, zile pete za chuma zinazobana mbao, nikanyanyua ubao wa juu, namba iliyogongwa ndani ya mbao bado ipo na ni ile ile ya risiva, bolti nayo ile ile, yani miaka 80 hakuna aliyebadilisha kitu. Alafu naigeuza nje, kitako laini kama mwiko mpya, mihuri yote imefutika, na juu kapaka vanishi ya fenicha. Iliniuma sana. Kuwaka kote kule hakuna mkusanyaji atakayekulipia.

Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote piga picha. Vaa glavu, jasho lina chumvi. Chuma kipake mafuta mepesi ya bunduki kwa kitambaa, kutu nyekundu tu ndo uiguse kwa stilwaya laini kabisa, namba 0000, yenye mafuta, taratibu, nyekundu ikiisha acha, ule ukahawia uliozeeka hauna shida. Mbao futa vumbi kwa kitambaa kikavu kisha weka nta nyembamba wanayotumia makumbusho. Mafuta ya kitani mimi siyataki, yanaingia kwenye mbao yanaifanya nyeusi na huwezi kuyatoa. Usipige mvuke kunyanyua mibonyeo, mihuri nayo inanyanyuka inapotea. Na jamani nunueni bisibisi inayokaa sawasawa kwenye mfereji wa skrubu, skrubu iliyochubuka naiona nikiwa mlangoni.

DHANA: Mbao yenye matabaka ni feki. Hapana, Wajerumani wenyewe walianza kuzigandisha hivyo miaka ya 1930, kabla hata ya vita, na ni ngumu kupinda kuliko mbao nzima.

DHANA: Namba zikilingana basi ni halisi. Wasovieti waliteka lundo la hizi, wakazifungua, wakachanganya vipande, wakazikusanya upya kisha wakagonga au kuchora namba kwenye bolti ili ilingane na risiva. Linganisha maumbo ya tarakimu, na uangalie kama kuna alama ya X kwenye risiva na vanishi nyekundu kwenye mbao.

DHANA: Kipande kisicho na namba kimebadilishwa. Inategemea mwaka, kufikia 1944 na 1945 viwanda viliacha kupiga namba vipande vingi vidogo ili kuokoa muda.

DHANA: Babu aliyekuwa askari wa Mjerumani 1914 alibeba 98k. Haikuwepo. Askari wengi wa Schutztruppe, jeshi la Mjerumani huku Afrika Mashariki, walikuwa na Mauser ya 1871 ya baruti nyeusi, ukifyatua moshi unamwonyesha adui ulipo.

DHANA: Kesi ya ngozi ndo nzuri kuhifadhia. Ngozi inashika unyevu na ina kemikali zilizotumika kuisindika, chuma kinaliwa humo humo ndani wewe hujui. Kama yako imelala kwenye ngozi, itoe leo hii, ifute, iweke wazi ndani ya sefu yenye hewa kavu.