Foleni za mijini: yanayoaminiwa na yalivyo hasa

Gari dogo likisimama kwenye foleni humeza mita 7 za barabara, ukihesabu na mwanya wa mbele yake, hata kama ndani yumo mtu mmoja. Ndiyo maana foleni ni suala la nafasi kabla ya kuwa suala la magari, na makosa mengi ya kuijadili yanaanza pale tunapohesabu magari badala ya watu.

Dhana: barabara ikipanuliwa, foleni itaisha

Hupungua kwa muda, kisha hurudi. Mfano unaotajwa sana ni Katy Freeway ya Houston, Marekani. Upanuzi wake ulikamilika mwaka 2008 kwa takriban dola bilioni 2.8, na sehemu yake pana kuliko zote ina njia 26 ukijumlisha barabara za pembeni. Kati ya 2011 na 2014, safari ya asubuhi ilirefuka kwa takriban asilimia 30 na ya jioni kwa asilimia 55.

Wahandisi hawakukosea hesabu za lami. Barabara ikiwa nyepesi, aliyekuwa akidamka kukwepa foleni anarudi kuondoka saa mbili asubuhi kama wenzake. Aliyezoea treni anawasha gari, na anayetaka kujenga ananunua kiwanja mbali zaidi kwa sababu "ni dakika ishirini tu". Wanauchumi Gilles Duranton na Matthew Turner walichapisha mwaka 2011 uchambuzi wa miji ya Marekani: kilomita ambazo watu wanaendesha huongezeka karibu kwa uwiano uleule wa barabara kuu zinazoongezwa.

Kinyume chake pia kimeonekana. Mwaka 2003 Seoul ilianza kubomoa barabara ya juu ya Cheonggyecheon, iliyokuwa ikipitisha magari 168,000 hivi kwa siku, ikaufufua mto uliokuwa chini yake. Mji haukuganda. Lakini tusiwape sifa wabomoaji peke yao: mwaka 2004 mji huohuo ulipanga upya mtandao mzima wa mabasi na kuyapa njia zake katikati ya barabara kubwa.

Dhana: daraja la juu huondoa foleni kwenye makutano

Huihamishia makutano yanayofuata. Njia isiyokatizwa na taa inaweza kupitisha karibu magari 2,000 kwa saa. Njia yenye taa hupitisha kama 1,800 kwa kila saa ya kijani, na kijani chenyewe huwa sehemu tu ya saa hiyo. Kikiwa asilimia 40, yanabaki magari 720. Sasa jenga daraja la njia mbili linaloweza kumwaga magari 4,000 kwa saa, mbele yake yawepo makutano ya njia mbili yanayomudu 1,440. Foleni itarudi nyuma hadi ipande darajani, na picha za uzinduzi zitakuwa bado mpya.

Kwa hiyo kabla ya kujenga, tafuta mahali panapobana kuliko pote kwenye barabara nzima. Mara nyingi ni padogo na pa bei nafuu: gari linalosubiri kukata kona likiwa limeziba njia ya wanaonyooka, au kituo cha basi kilichowekwa mita chache kabla ya taa.

Dhana: askari akiongoza kwa mkono, magari hutoka haraka kuliko kwa taa

Ajali ikitokea, taa zikizimika au msafara ukipita, askari anahitajika. Kila siku, hapana. Taa ikiwa kijani, gari la kwanza huchelewa kama sekunde 2 kuondoka, kisha moja hupita kila sekunde 2 katika kila njia. Kwa kuwa kila mabadiliko hupoteza sekunde kadhaa, inaonekana ni busara kuruhusu upande mmoja kwa dakika tano mfululizo. Tazama upande uliozuiwa: magari 10 yakifika kila dakika katika njia moja, baada ya dakika tano yapo 50, yaani mita 350 za foleni. Makutano ya nyuma yakiwa umbali wa mita 300, yameshazibwa, na hata wasioelekea huko hawapiti. Hapo tatizo la makutano moja limekuwa la mtaa mzima. Mzunguko wa taa wa sekunde 60 hadi 120 ndio wa kawaida, na ukirefushwa zaidi faida hupungua huku foleni zikinenepa.

Dhana: njia ya mabasi imekaa tupu, ni upotevu wa barabara

Hii ndiyo dhana ngumu kuing'oa, kwa sababu macho yenyewe yanaiunga mkono. Basi moja likipita kila dakika likiwa na watu 80, njia hiyo inabeba watu 4,800 kwa saa. Basi linapita mbele yako kwa sekunde mbili, na sekunde 58 zinazobaki unaona lami tupu. Jirani yake, njia yenye taa imejaa magari 720 kwa saa. Kila moja likiwa na mtu mmoja na nusu kwa wastani, ni watu 1,080. Njia inayoonekana imejaa ndiyo inayobeba wachache.

Ila kupaka rangi njia na kuiita ya mabasi yaendayo haraka hakutoshi. Kasi hupatikana au hupotea kituoni. Abiria 40 wakiingia mlango mmoja, kila mmoja akimlipa dereva kwa sekunde 4, basi limesimama sekunde 160. Nauli ikilipwa kabla, sakafu ya basi ikalingana na jukwaa na milango mitatu ikafunguliwa kwa pamoja, kazi hiyo inaisha ndani ya sekunde 20 hivi. Jambo la pili ni njia ya kupitana kituoni. Bila hiyo, basi moja bovu linafunga njia nzima, na mabasi ya moja kwa moja hayawezi kuyapita yanayosimama kila kituo. TransMilenio, mtandao wa mabasi yaendayo haraka wa Bogotá, Kolombia, ulioanza Desemba 2000, uliweka njia hizo za kupitana, na unaweza kubeba zaidi ya watu 40,000 kwa saa upande mmoja.

Kuna kasoro nyingine ambayo abiria hudhani ni uzembe wa madereva: kusubiri nusu saa, kisha mabasi matatu yanafuatana. Basi likichelewa kidogo, linakuta abiria wengi zaidi kituoni, linakaa zaidi, linazidi kuchelewa. La nyuma linakuta wachache na linalikaribia. Kumhimiza dereva akimbie hakusaidii. Dawa ni kulizuia basi lililowahi kwenye vituo vichache vilivyochaguliwa, hadi mwanya kati yao urudi sawa.

Dhana: tozo ya kuingia katikati ya mji ni kodi tu, magari hayapungui

Singapore ilianza Juni 1975, saa 1:30 hadi 3:30 asubuhi. Watu wakasubiri hadi 3:30 ipite, na foleni ikahamia hapo, hivyo Agosti muda ukasogezwa hadi saa 4:15. Somo hilo halikusahaulika. Tangu 1998 malipo ni ya kielektroniki, na viwango hurekebishwa ili kasi ibaki kilomita 45 hadi 65 kwa saa kwenye barabara kuu za mwendo kasi, na 20 hadi 30 kwenye barabara nyingine kubwa.

Stockholm ilijaribu kuanzia Januari hadi Julai 2006 na magari yanayovuka mpaka wa tozo yakapungua kwa takriban asilimia 20. Mabasi ya ziada yalikuwa yameanza kazi tangu Agosti 2005. Mpangilio huo ndio wa kuigwa: ukitoza kabla ya kumpa mtu usafiri mbadala, unamkomoa tu. London inaonyesha upande wa pili. Tozo ya mwaka 2003 ilipunguza foleni, lakini magari ya kukodi yanayoitwa kwa simu yalisamehewa hadi 2019, nayo yakaongezeka mno.

Dhana: magari ya umeme na nauli ya bure vitamaliza kazi

Gari la umeme halina moshi, lakini kwenye foleni ni mita 7 zilezile. Tallinn, mji mkuu wa Estonia, iliwafutia wakazi wake nauli mwaka 2013. Abiria waliongezeka, ila wengi walitokea miongoni mwa waliokuwa wakitembea kwa miguu. Wenye magari wengi walibaki na magari yao. Kinachomtoa mtu garini ni basi linalokuja mara kwa mara na lisilokwama.

Dhana: maegesho ya bure huleta wateja na kupunguza usumbufu

Nafasi zikiwa bure hujaa asubuhi, na wanaofuata wanazunguka mtaa mara tatu wakitafuta. Magari hayo yanayozunguka ni sehemu ya foleni. Donald Shoup, msomi wa mipango miji wa Marekani, alipendekeza bei inayoacha nafasi moja au mbili wazi kila mtaa, yaani ujazo wa kama asilimia 85. San Francisco ilijaribu wazo hilo kuanzia 2011: vihisio vilipima ujazo, na bei ikapandishwa au kushushwa mtaa kwa mtaa, kulingana na kipindi cha siku. Mwisho wa jaribio, bei ya wastani ya mashine za maegesho ilikuwa imeshuka kidogo.