Huruma ya daktari haizaliwi tu

Hapa Tabora, kwenye foleni ya dawa, hukosi kusikia: "Yule daktari ana huruma, kazaliwa nayo. Shule haifundishi hiyo." Inafundisha. Mwaka 2012 daktari Helen Riess na wenzake wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya madaktari 99 waliokuwa mafunzoni. Waliopangiwa kwa bahati nasibu vipindi 3 vya huruma, vya saa moja moja, walipewa na wagonjwa alama nzuri kuliko wenzao. Walijifunza kusoma uso wa mgonjwa na kutuliza hisia zao wenyewe. Basi!

Huruma hata hupungua: mwaka 2009 mtafiti Hojat wa Philadelphia, Marekani, aliiona ikishuka mwaka wa 3 wa masomo ya udaktari, wanafunzi wanapozama wodini. Kumwamkia bibi "shikamoo", kuvuta kiti, kisha ndiyo faili, ni mazoezi kama kudunga sindano.