Kinga za ubavu na vikanyagio vya kuchomelea karakanani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Gari linapokaa juu ya jiwe au kisiki, kinachoumia kwanza ni kizingiti, yaani ukingo wa bodi ulio chini ya milango. Ni bati jembamba, la milimita moja hivi, na likishabonyea mlango haufungi sawasawa tena. Kinga ya ubavu ni bomba la chuma linalowekwa kando ya kizingiti ili lipokee uzito wa gari, uzito upite kwenye miguu, yaani vipande vya bomba vinavyolishikilia, uishie kwenye chasisi, ile fremu ya chuma iliyo chini ya bodi. Fundi yeyote mzuri wa kuchomelea anaweza kuitengeneza. Kazi nyingi huharibika kwa sababu ya mambo machache ambayo watu wameyaamini bila kuyapima, na karibu yote yanahusu pale mguu unapokutana na chasisi.

"Kikanyagio cha dukani ni kinga pia."
Hapana. Kile cha alumini kimetengenezwa kubeba mtu anayepanda garini, na mabano yake ya bati mara nyingi hushikwa kwenye bodi kwa bolti ndogo. Gari likikikalia, mabano yanasukumwa juu na kubonyeza kizingiti kilekile ulichotaka kukilinda. Kipimo ni rahisi: kama huwezi kuweka jeki chini yake ukainua upande mzima wa gari, hicho ni kikanyagio tu. Kinga nzuri unaweza kuikanyaga kila siku.

"Nguvu ni unene wa bomba."
Unene unazuia bomba lisibonyee linapogongwa na jiwe, kwa hiyo usishuke chini ya milimita 3. Lakini kinachozuia kupinda zaidi ni kimo na umbo la chuma. Chukua bomba la duara la inchi moja na nusu, ambalo kwa nje lina milimita 48.3. Likiwa na unene wa milimita 5, mita moja ina kilo 5.3. Bomba la mraba la 50 kwa 50 lenye unene wa milimita 3 lina kilo 4.25 tu kwa mita, na bado ni gumu zaidi kupinda, kwa takriban asilimia 16. Ndiyo maana tunapendelea mraba kwa miguu na kwa bomba kuu linalolala sambamba na kizingiti, na duara kwa bomba la nje la kukanyagia, kwa sababu duara huteleza juu ya jiwe bila kunasa.

Sasa piga hesabu ya miguu yenyewe, maana hapa ndipo watu wanabana chuma. Pikapu ya milango minne kama Toyota Hilux ina takriban tani 2 bila mzigo. Upande mmoja ukikalia jiwe, kinga inabeba karibu tani moja, yaani nyutoni 10,000. Kama bomba liko sentimita 25 kutoka kwenye chasisi, nguvu ya kuzungusha inayotaka kupinda miguu ni nyutoni-mita 2,500. Miguu mitatu ikigawana sawa, kila mmoja unapata 830. Mguu wa bomba la duara la inchi moja na nusu, unene milimita 3.2, utakuwa na mkazo wa nyutoni 173 hivi kwa kila milimita ya mraba. Chuma cha kawaida huanza kupinda bila kurudi kikifika 235 hadi 250. Inaonekana salama, mpaka gari lidondoke juu ya jiwe badala ya kushuka taratibu: mkazo unaweza kuongezeka mara mbili au zaidi, na mguu umekwisha. Mguu wa mraba wa 50 kwa 50 kwa milimita 4, chini ya mzigo uleule, unabeba mkazo wa 88 tu, na hata ukizidishwa mara mbili bado haujafika kwenye kupinda. Kumbuka pia kwamba jiwe mara nyingi hukaa chini ya mguu mmoja au miwili, halichagui katikati. Weka miguu mitatu kwa gari fupi, minne kwa gari la milango minne, isiachane kwa zaidi ya sentimita 50 au 60.

"Chomelea mguu moja kwa moja kwenye chasisi, umalize."
Hili ndilo kosa linalogharimu zaidi. Ukuta wa chasisi ya gari dogo mara nyingi ni milimita 3 hivi. Mguu mgumu ukichomelewa hapo peke yake, nguvu yote inaingia kwenye mstari mwembamba wa weld, na baada ya miezi kadhaa ya barabara ya vumbi yenye makorongo unaona ufa unaanza pembeni mwa weld na kuingia ndani ya chasisi. Mguu haukatiki, chasisi ndiyo inayochanika.

Kata kwanza bamba la milimita 5 au 6, refu kuliko mguu kwa sentimita 5 hivi kila upande, pembe zake zikiwa zimeviringwa. Kimo chake kifuate ubavu wa chasisi lakini kiishie milimita 15 hadi 20 kabla ya ukingo wa juu na wa chini. Mguu unachomelewa kwenye bamba, bamba linachomelewa kwenye chasisi. Usipitishe weld kukata juu au chini ya chasisi kwa upana, kwa kuwa hapo ndipo chasisi inavutwa na kubanwa zaidi gari linapotikisika. Kwa sababu hiyohiyo usitoboe tundu juu wala chini yake. Ukilazimika, toboa ubavuni, karibu na katikati ya kimo.

"Bolti ni kwa wasiojua kuchomelea."
Kinga ya bolti iliyofanywa vizuri inashika, na inatoka unapotaka kubadilisha au kutibu kutu. Tatizo ni chasisi ya boksi, yaani yenye kuta pande zote na uwazi ndani: ukipitisha bolti kutoka ubavu mmoja hadi mwingine na kuikaza, kuta mbili zinavutwa ndani, kisha bolti inalegea daima. Dawa ni kuweka kipande cha bomba ndani kama spesa, chenye urefu sawa kabisa na nafasi ya ndani, ili bolti ikaze juu yake. Tumia bolti za daraja la 8.8. M12, yaani ya milimita 12, ikiwa kavu inakazwa kwa nyutoni-mita 80 hivi, na ikaguliwe tena baada ya kilomita mia chache za mwanzo. Bolti za U zinazozunguka chasisi hufaa kushikilia wakati wa kupima. Zikiachwa peke yake, kinga itazunguka kidogo kidogo kila inapogongwa.

"Weld iliyosagwa laini ni weld nzuri."
Grenda inaondoa chuma kilichokuwa kinabeba mzigo. Iache weld ya kona ilivyo, ondoa ganda na matone tu. Kwa chuma cha milimita 3 hadi 4, vijiti vya E6013 vya milimita 2.5 hufanya kazi kwa ampea 70 hadi 90. E7018 ni bora pale penye mtikisiko, ila vinataka ukavu. Pakiti iliyokaa wazi kwenye unyevu wa pwani italeta vitundu na nyufa. Shika kwanza kwa vitone, fungua milango yote uone haigusi, zungusha usukani hadi mwisho kila upande uone tairi la mbele halifikii bomba, kisha ndipo umalize kwa kuhamahama kati ya miguu ili joto lisivute bomba zima.

"Ukinywa maziwa, moshi wa galvanaizi haukudhuru."
Imani hii imeenea sana karakanani, na si kweli. Mabomba ya maji yamepakwa zinki. Yakichomelewa zinki inageuka moshi mweupe unaoingia kwenye mapafu. Maziwa yanaenda tumboni. Saa kadhaa baadaye fundi anapata homa, baridi, kiu na maumivu ya mwili. Nunua bomba jeusi, lisilo na zinki. Kama huna budi kutumia galvanaizi, saga zinki yote kwa sentimita 5 kutoka kwenye kiungo, ndani na nje, chomelea mahali pa wazi, na vaa barakoa ya moshi wa metali. Zinki pia inaleta vitundu kwenye weld, kwa hiyo hata kazi yenyewe haifaidiki.

"Toa waya wa betri, mengine hayana neno."
Toa waya hasi, ndiyo. Lakini klampu ya ardhi ya mashine ya kuchomelea nayo iwekwe karibu kabisa na unapochomelea, kwenye chuma kilichosafishwa. Ikiwekwa mbali, umeme unaweza kupita kwenye beringi au maungio ya propela na kuyaunguza. Kisha chungulia nyuma ya ubavu wa chasisi: mabomba ya mafuta, ya breki na nyaya hupita hapo. Yasogeze au yakinge, na mtu mwingine akae karibu na kizimamoto.

"Kinga ibane kizingiti, ndiyo iwe imara."
Bodi inakaa juu ya vipande vya mpira, chasisi inajipinda chini yake. Acha nafasi ya milimita 15 hadi 25. Bila nafasi hiyo zitasuguana, rangi itatoka, na tope litakaa humo mpaka kutu ianze.

"Inafaa gari lolote."
Land Cruiser ya mfululizo wa 70, Hilux, Prado na Jimny zina chasisi tofauti na bodi, na yote hapo juu yanazihusu. RAV4, X-Trail na Forester hazina chasisi ya namna hiyo. Mguu wa kuning'inia utachana sakafu yake; huko mzigo lazima usambazwe kwa bamba refu kando ya kizingiti chote, na bila fundi anayejua bodi za aina hiyo ni afadhali kuacha.

Kazi ikikaribia mwisho, toboa matundu ya milimita 8 sehemu ya chini kabisa ya kila bomba ili maji yatoke. Toboa kabla ya kufunga kifuniko cha mwisho, maana hewa moto iliyonaswa ndani itapasua weld ya mwisho usoni mwako. Pa kukanyaga weka bati lenye matundu badala ya lile la mistari lisilo na upenyo, tope lidondoke. Praima ya kuzuia kutu mara mbili, kisha rangi ambayo unaweza kuipaka tena kwa brashi, kwa sababu kinga inayofanya kazi yake itakwaruzwa kila safari.