Apasimento: zabibu zinaponyaushwa kabla ya kuwa mvinyo

Apasimento ni kazi ya kunyausha zabibu baada ya kuvunwa na kabla ya kukamuliwa, ili maji yapungue na utamu, rangi na ladha vibaki vimejikusanya ndani ya tunda. Zabibu hizi hazianikwi juani. Hulazwa chini ya paa, kwenye ghala lenye madirisha mengi, zikaachiwa hewa ya vuli na ya baridi. Zikitoka humo bado si zabibu kavu za kutilia pilau. Ganda limejikunja, lakini ndani mna majimaji ya kutosha kukamuliwa.

Kuna sehemu kadhaa za Italia zinazofanya hivi, na mara nyingi kinachopatikana ni mvinyo mtamu. Valpolicella, vilima vilivyo kaskazini ya mji wa Verona, si mbali na Ziwa Garda, ndiko unakotengenezwa kwa njia hii mvinyo mwekundu mzito usio mtamu, uitwao Amarone. Desturi yenyewe ni ya zamani mno. Katika karne ya 6 Cassiodorus, kiongozi mkubwa katika serikali ya Wagothi waliotawala Italia, aliandika barua akiagiza mvinyo wa eneo la Verona, na humo akaeleza jinsi zabibu zilivyotundikwa ndani tangu vuli na kukamuliwa baridi ilipoingia.

Kazi huanzia kwenye mavuno, na hapo ndipo uzembe unapoanza kugharimu. Aina kuu ya zabibu ni Corvina, yenye ganda nene linalostahimili miezi ya kukaa ghalani. Huchanganywa na Corvinone na Rondinella. Mwezi Septemba na mwanzoni mwa Oktoba wavunaji hukata vichala kwa mkono, wakichagua vile ambavyo punje zake zimeachana kidogo ili hewa ipite katikati. Punje moja iliyopasuka inatosha kuozesha kichala kizima, na kichala kilichooza huambukiza jirani zake. Zamani vichala vililazwa juu ya chanja za matete na mianzi, zilizopangwa ghorofa kwa ghorofa hadi darini. Leo mashamba mengi hutumia kreti za plastiki zisizo na kina, safu moja tu ya vichala kwa kila kreti, na feni kubwa za kusaidia siku za ukungu.

Hukaa humo takriban siku 100 hadi 120. Kwa muda huo zabibu hupoteza thuluthi moja ya uzito wake, pengine hata asilimia 40. Ghala si stoo ya kufungia mlango na kuondoka. Mtu hupita kila mara kugeuza, kunusa na kutoa kilichoharibika, na kuamua lini madirisha yafunguliwe na lini yafungwe.

Wengi hudhani apasimento ni kukausha maji tu, lakini kuna zaidi ya hapo. Punje iliyokatwa kwenye mzabibu haifi papo hapo. Inaendelea kupumua, inatumia sehemu ya asidi yake, na ganda lake linaendelea kubadilika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Verona wameichunguza Corvina ikiwa katika hali hii na kuonyesha kwamba jeni zake nyingi hubadili utendaji wakati wa kunyauka. Ndiyo maana ladha ya Amarone haifanani na ya mvinyo wa kawaida uliozidishwa makali: mna cheri zilizoiva sana, matunda makavu, kakao, na uchungu mwepesi unaobaki mwishoni.

Baada ya Krismasi, kwa kawaida Januari, zabibu hukamuliwa na uchachushaji kuanza. Hapa hamira ina mtihani mgumu, kwa kuwa ghala ni baridi na sukari ni nyingi kupita kiasi. Huchachuka polepole, mara nyingi kwa wiki nyingi. Hamira ikichoka au ikisimamishwa mapema, sukari nyingi hubaki na mvinyo huwa mtamu: huo ni Recioto, mkongwe kuliko Amarone. Ikila sukari karibu yote, mvinyo hutoka mkavu na wenye nguvu, na huo ndio Amarone. Sheria inadai kileo kisichopungua asilimia 14. Chupa nyingi hufika 15 au 16. Wenyeji husimulia kwamba mwaka 1936, katika chama cha ushirika cha wakulima huko Negrar, mji mdogo wa Valpolicella, pipa la Recioto lilisahauliwa likaendelea kuchachuka, na aliyelifungua akakuta kitu kipya. Sina haja ya kuitegemea hadithi hiyo kupita kiasi, maana Recioto iliyochachuka hadi mwisho lazima iliwahi kuwatokea wengi kabla yake. Ila ni kweli kwamba katika karne ya 20 kilichokuwa kikihesabiwa kasoro kilianza kutengenezwa kwa makusudi, na mwaka 2010 Amarone ikapewa daraja la juu kabisa katika sheria za mvinyo za Italia.

Sasa hesabu. Kilo 100 za zabibu zilizovunwa hazitoi zaidi ya lita 40 za Amarone. Jumlisha miezi ghalani na angalau miaka 2 ya kukomaa kabla ya kuuzwa, na kwa ile ya Riserva miaka 4. Fedha ya mkulima imelala muda wote huo, na mavuno yote yanaweza kuharibiwa na kuvu ndani ya juma moja lenye unyevu. Kwa maoni yangu hii ni sababu mojawapo ya familia kudumu katika kazi hii: inahitaji watu walio tayari kungoja, na ujuzi wa ghala hurithishwa kwa kufanya kazi bega kwa bega. Familia ya Boscaini, wanaouza mvinyo kwa jina la Masi, wanatokana na mzee aliyenunua bonde dogo la mizabibu humo katika karne ya 18. Shamba la Serego Alighieri lilinunuliwa mwaka 1353 na Pietro, mwana wa mshairi Dante, na bado limo mikononi mwa ukoo wake.

Anayenigusa zaidi ni Giuseppe Quintarelli wa Negrar, aliyefariki mwaka 2012 na kuiachia familia yake shamba. Aliacha Amarone yake ikomae miaka mingi katika mapipa makubwa ya mwaloni, mingi kuliko sheria inavyodai. Na mwaka ambao hakuridhika nao, mvinyo ule ule uliotokana na zabibu zilizonyaushwa hakuuita Amarone. Aliuuza kwa jina la Rosso del Bepi, kwa bei ndogo zaidi, ilhali jina kubwa lingemletea fedha nyingi. Uaminifu wa namna hiyo hauandikwi kwenye kanuni yoyote ya serikali.

Mtu anayetaka kuonja apasimento bila kulipa bei ya Amarone atafute chupa iliyoandikwa Valpolicella Ripasso. Makapi ya Amarone, yaani maganda yaliyobaki baada ya mvinyo kutolewa, huwa bado yana sukari na rangi. Mvinyo wa kawaida wa Valpolicella humiminwa juu yake, ukachachuka mara ya pili kwa siku kadhaa na kupata uzito na harufu ya zabibu zilizonyauka. Unafaa nyama iliyopikwa taratibu kwa saa nyingi. Amarone yenyewe ni vizuri kuifungua mapema ipate hewa, na kuimimina kidogo kidogo, kwa sababu kileo chake ni kikali.