Kipilefti kikigeuka: kwa anayekodi gari nje kwa mara ya kwanza

Wiki iliyopita mwanafunzi wangu wa zamani alipita hapa Kinondoni kuniaga. Anakwenda Ujerumani kumtembelea dada yake, na gari la kukodi ameshalilipia. "Mwalimu, si kuendesha ni kulekule?" Nikamwambia akae, nikamchorea kipilefti ubaoni.

Jina lenyewe linatuambia tukae kushoto. Pale Sanamu ya Askari, Posta, unazunguka kama mshale wa saa na unampisha anayetokea kulia kwako. Ujerumani, Ufaransa, Marekani, hata jirani zetu Rwanda na Burundi, magari yanapita kulia. Huko unazunguka kinyume na mshale wa saa, na gari la kupisha linatokea kushoto. Jicho la dereva wa Dar linakimbilia kulia kwanza, kwa hiyo mimi huanza kulifundisha jicho, mikono baadaye.

Nawapa wanafunzi kanuni moja: bega lako liwe upande wa mstari wa katikati ya barabara. Hapa usukani uko kulia na katikati iko kulia kwako. Kule usukani uko kushoto, na katikati imehamia kushoto pamoja nawe. (Ukivuka mpaka wa Rusumo kuingia Rwanda na gari lako la usukani wa kulia, kanuni hii haikusaidii tena. Unakuwa upande wa ukingo, na ukiwa nyuma ya lori huoni kinachokuja. Usiovateki kwa kubahatisha.)

Kwenye foleni hutapotea, maana unamfuata wa mbele. Hatari iko alfajiri, barabara tupu, unapotoka sheli. Mimi yalinikuta Ufaransa. Nilijaza mafuta mwenyewe, kama ilivyo kawaida kule, nikalipa, nikatoka huku nawaza njia, nikashika kushoto kana kwamba niko Mwenge. Taa za lori zikanijia usoni. Nikarudi nyuma hadi sheli na kukaa pale mpaka mikono ilipoacha kutetemeka. Tangu siku hiyo, kabla sijaachia handibreki, natamka kwa sauti: "Kulia." Aliyekaa kiti cha abiria naye asione haya kukukumbusha.

Ndani ya gari, indiketa ndiyo itakayokusumbua. Kwenye magari yetu ya Kijapani iko mkono wa kulia. Kule iko kushoto. Utataka kukata kona, waipa zianze kufuta kioo kikavu. Tulia, macho yabaki barabarani. Pedeli hazihami: mafuta kulia, breki katikati, klachi kushoto. Gia ndiyo inayokwenda mkono wa kulia, na Ulaya magari mengi ya kukodi ni manyuali, kwa hiyo kama umezoea otomatiki, iombe mapema.

Sheria nyingine zinaweza kukushangaza. Ujerumani, kwenye makutano yasiyo na taa wala alama, anayetokea kulia anapita kwanza, hata kama anatoka kwenye kinjia chembamba na wewe uko kwenye barabara pana. Marekani, sehemu nyingi zinaruhusu kukata kulia taa ikiwa nyekundu, baada ya kusimama kabisa; jijini New York ni marufuku isipokuwa kibao kiruhusu.

Kibali cha kimataifa cha udereva kichukue hapa nyumbani kabla ya safari, na ubebe leseni yako pia, maana kibali peke yake hakitoshi. Kampuni nyingi zitataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe kwa ajili ya dhamana.

Baada ya ubao tulitoka nje. Nikamkalisha kwenye kiti cha kushoto cha gari la mafunzo, injini imezimwa, nikamwambia anyooshe mkono kuelekea katikati ya barabara ya Ujerumani. Akanyoosha wa kulia. Tukarudia mara nne ndipo wa kushoto ukatangulia. Anaondoka Jumamosi, kesho asubuhi anarudi kwa nusu saa nyingine.