Umetolewa saratani ya ngozi, sasa kovu upake nini?

Swali tunaloulizwa sana kliniki siku hizi sio la saratani yenyewe, ni la kovu. Mtu keshapasuliwa, uvimbe umetoka, ana nyuzi saba nane shavuni au nyuma ya sikio, anajitizama kwenye kioo anauliza, daktari nipake nini hapa lisionekane? Wala simlaumu, uso ndio unaotangulia mbele za watu. Wagonjwa wetu wengi ni ndugu zetu wenye ualbino, ngozi yao haina ile rangi inayokinga jua, kwa hivo saratani huwatoka pale jua linapopiga, usoni, masikioni, mdomoni, shingoni, na kovu nalo linabaki hapo hapo. Wapo na weusi pia, hawa mara nyingi ni kwenye unyayo au juu ya kovu la zamani la moto.

Jibu langu huwavunja moyo wengi: Vaseline. Ile ya kawaida isiyo na harufu. Mtu alotoka Micheweni kule Pemba na nauli ya boti alitaraji dawa ya maana, anaona kama nimemdharau, lakini sikuambii hivo kwa kukosa dawa. Jaraha likikauka linafanya gaga gumu, ngozi mpya inabidi ijipenyeze chini yake taratibu, ila likiwa na unyevu ngozi inatambaa juu kwa wepesi na kovu linatoka jembamba. Mwaka 1996 Marekani ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 922 walofanyiwa pasua ndogo za ngozi, kundi moja lilipakwa mafuta hayo hayo meupe ya petroli na jengine marhamu ya antibayotiki inaitwa basitrasini, majaraha yaliyoingia vijidudu yalikuwa machache kote kote, tofauti ya maana haikuonekana, na walopata mzio wa ngozi walikuwa wanne, wote wa upande wa antibayotiki.

Sasa namna ya kupaka, maana hapa ndipo watu wanapoharibu. Nawa mikono kwanza. Osha jaraha kwa maji safi na sabuni isiyo kali kuanzia siku uloambiwa na alokupasua, likaushe kwa kugusa gusa usisugue, paka Vaseline kiasi cha kung'aa tu, funika kwa gozi safi, kile kitambaa chepesi cha kufungia jaraha, kila siku mpaka nyuzi zitoke. Usoni nyuzi hutolewa siku ya 5 mpaka ya 7, mgongoni na miguuni huenda mpaka siku ya 14. Na kopo lako liwe jipya, la peke yako, sio lile la nyumbani ambalo kila mtoto anatia kidole. Ukiwa umepachikwa ngozi kutoka pahala pengine mwilini hayo yana utaratibu wake, fuata uloambiwa wodini.

Vitu vinavyoniuma ni vile ninavyovikuta vishapakwa. Unga wa kidonge cha antibayotiki kilofunguliwa na kumwagwa juu ya jaraha, unaganda kama saruji na chini yake usaha. Mafuta ya karafuu, tunayapenda sote na ni mali yetu, lakini kwenye ngozi mbichi yanaunguza. Singo na msio, vile vya kusugulia mwili vyenye marashi na viungo, ni vitamu kwa biarusi, sio kwa mtu mwenye nyuzi. Asali hutumika hospitali kweli, ila ile iliyosafishwa maalumu, ya chupani kutoka sokoni inaweza kuwa na vijidudu. Na mkorogo jamani, mkorogo hapana kabisa, mwingi una dawa za steroidi zinazokondesha ngozi na kuchelewesha jaraha kupona.

Vitamini E nayo, watu wanatoboa vile vidonge laini wanapaka. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti mdogo wa wagonjwa 15 walotolewa saratani ya ngozi kama nyinyi, upande mmoja wa kovu mafuta matupu, upande wa pili mafuta na vitamini E, wengi hawakuona faida au kovu lilizidi ubaya, na theluthi yao walitoka upele. Pesa hiyo kanunulie samaki.

Chenye ushahidi zaidi kidogo kuliko vyengine ni silikoni, ya jeli au ya karatasi ya kubandika, lakini ni baada ya jaraha kufunga kabisa na nyuzi kutoka, tena ikae masaa 12 au zaidi kwa siku kwa miezi miwili mitatu. Bei yake sio ndogo, kwa hivo mimi huielekeza zaidi kwa mwenye kovu linaloanza kunyanyuka au alowahi kupata keloidi, yaani kovu linalovimba na kukua kupita jaraha lenyewe, hasa kifuani, mabegani na ndewe za masikio. Keloidi ikishasimama krimu haitoshi, njoo tuichome sindano ndani yake.

Jua ndilo kubwa kuliko krimu zote. Kovu bichi likipigwa jua linapiga weusi au wekundu unaokaa muda mrefu, na kwa mwenye ualbino ni jua hilo hilo lililoleta saratani. Kofia pana, mikono mirefu, na losheni ya jua ya SPF 30 kwenda juu (hicho ni kipimo cha nguvu ya kukinga jua) jaraha likishafunga, ipo ile ya Kilisun inayotengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kinamama wa mwani wa Paje na Jambiani wanapaka liwa usoni, ule mti wa kunukia unaosagwa, inapoza, lakini msiitegemee peke yake.

Halafu subira. Wiki ya tatu ngozi iloshonwa ina kama sehemu moja ya tano tu ya nguvu zake za zamani, kwa hivo kama umepasuliwa mkono au mgongo usiende kupanda mkarafuu wala kubeba ndoo. Kovu linaendelea kubadilika mwaka mzima mpaka mwaka na nusu, alokuja mwezi wa pili kulia kuwa ni jekundu nnamwambia bado.

Ila likitokea kidonda kisichofunga juu ya kovu, au kijiuvimbe kigumu, au linatoka damu ukiligusa tu, usipake kitu chochote, hata Vaseline. Njoo wiki hiyo hiyo, na njoo na ile karatasi ya majibu ya kinyama kilichopelekwa maabara.