Kila mlango una kufuli, bado mwizi anapita

"Kila huduma ina ufunguo wake, basi mfumo mzima uko salama." Nasikia hivi sana kwa wanaounganisha huduma za wavuti, ambako ufunguo ni msimbo wa siri unaoonyesha nani anaita huduma. Si kweli.

Chukua tovuti ya kukata tiketi za basi. Mteja anaingia kwa nywila yake, kisha tovuti inaita huduma ya tiketi kwa ufunguo wa tovuti, si wa mteja. Sasa mteja mjanja abadilishe namba ya tiketi yake, 4471, kuwa 4472 kwenye anwani ya ukurasa. Huduma ya tiketi inaona ufunguo halali, inamletea tiketi ya mtu mwingine, jina na namba ya simu juu. Hakuna kufuli lililovunjwa. Kila upande ulidhani mwenzake ameshakagua.

Kasoro hii ina umri mkubwa kuliko wavuti wenyewe. Mwaka 1988 mtaalamu wa kompyuta Norm Hardy alieleza kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) iliyoruhusiwa kuandika kwenye saraka, yaani folda, ya mfumo. Mtumiaji akaitajia faili la bili kama mahali pa kuweka matokeo yake, nayo ikaandika juu yake kwa ruhusa yake yenyewe, si ya mtumiaji, bili zikapotea.

Dawa ni tokeni, yaani kitambulisho cha kidijitali, yenye utambulisho wa mteja ifike hadi huduma ya mwisho, nayo ijiulize yenyewe: huyu ndiye mwenye tiketi? Kazi inaongezeka, sikatai.